Mama Mwani Astaafu, Mwani Wabaki Kazini

Ijumaa ya tarehe 28 Juni, saa kumi kamili alasiri, fundi sanifu mkuu wa chumba cha mwani katika taasisi yetu atarudisha funguo saba, koti jeupe moja na mwavuli wa ofisi ambao kumbukumbu zinasema ulipotea. Atakuwa ametumikia miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja. Katika muda huo taasisi imebadilisha wakurugenzi sita, mapaa mawili na jina mara tatu. Yeye hakubadilisha hata kiti.

Jina lake lipo kwenye faili la utumishi na limebaki huko huko. Kwenye korido anaitwa Mama Mwani. Mume wake, mwalimu wa hesabu, naye humwita hivyo. Anasema alisalimu amri baada ya kupiga simu ya ofisi mara tatu kumuulizia mke wake kwa jina halisi, na kujibiwa mara zote tatu kwamba hapa hakuna mtu wa namna hiyo, labda ajaribu hospitali.

Kazi yake inaelezeka kwa sentensi moja: kuuweka hai mwani mmoja. Si ule mwani mrefu wa baharini. Huu ni wa chembe moja moja, kila chembe na mikia miwili ya kuogelea, na maelfu yake hukaa kwenye tone moja bila kubanana. Aliuchota mwenyewe katika wiki yake ya pili kazini, kwenye pipa la maji ya mvua nyuma ya jengo la zamani, alipotumwa kuleta maji ya kuoshea madirisha. Profesa, ambaye wakati huo alikuwa bado na nywele, aliutazama kwenye hadubini akasahau chakula cha mchana. Madirisha hayakuoshwa.

Mwani huo una tabia ya kitoto. Ukikaa kwenye maji yale yale zaidi ya wiki nne unakufa. Ukigandishwa ili utunzwe, unakufa pia. Wamejaribu mara nne, na kila walipouyeyusha walipata supu. Njia pekee ni kuchukua tone kutoka kila chupa na kulihamishia kwenye chupa mpya yenye lishe safi, kila Alhamisi ya tatu, kwa mkono. Daftari la Mama Mwani linaonyesha kwamba amefanya hivyo mara 593 bila kukosa. Hata arusi yake ilisogezwa mbele siku moja kwa sababu ilikuwa imeangukia Alhamisi ya kuhamisha. Wakwe waliambiwa kuna sababu za kiafya. Hawakuambiwa ni afya ya nani.

Kwa faida ya wenzetu wa idara ya usafirishaji, ambao kwa miaka mingi wameuliza tunaulinda mwani huo wa nini wakati mtaro wa mbele umejaa mwingine wa bure, maelezo ni haya. Ndani ya kila chembe ya mwani mna kifuko kiitwacho plastidi, ambacho hunasa mwanga wa jua na kutengeneza chakula. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, kifuko hicho kilikuwa bakteria aliyejitegemea. Chembe nyingine ikammeza, ikashindwa kumyeyusha, wakaishia kuishi pamoja. Mama Mwani huwaambia wageni kwamba huyo ni mpangaji aliyekuja kulala siku moja akahamia jumla, na kwenye mzigo wake alikuja na mkasi.

Mkasi huo ni RNA. Wengi tunaijua RNA kama tarishi wa kubeba ujumbe wa jeni. Hii haibebi barua ya mtu. Inafanya kazi yenyewe: inakata ncha za RNA nyingine ili zifae kutumika. Kazi nyingi za namna hiyo ndani ya chembe hufanywa na protini, na katika mimea ya kawaida ya nchi kavu mwenye nyumba alishapata mkasi mpya wa protini, ule wa zamani akautupa. Katika baadhi ya mwani, huu wetu ukiwamo, mkasi wa zamani bado umo ndani ya plastidi na bado una kazi. Profesa ametumia maisha yake kuuliza umebadilika vipi tangu enzi za bakteria, na kama bado unaweza kukata peke yake au umezeeka kiasi cha kuhitaji protini ya kuushika mkono. Kwa kifupi, maabara yetu inachunguza kifaa ambacho kimekataa kustaafu kwa miaka bilioni moja. Mama Mwani ameomba rasmi kwamba katika makala haya asilinganishwe nacho.

RNA ina adui mmoja mkubwa, naye ni binadamu. Jasho letu na mate yetu yana vimeng'enya vinavyoikatakata kabla hujamaliza kusema habari za asubuhi. Ndiyo maana katika meza ya RNA hakuna anayesema habari za asubuhi. Mama Mwani alipiga marufuku mazungumzo karibu na vijaribio, ile mirija midogo ya majaribio, tangu mwaka wake wa tatu, na wafanyakazi wakajifunza kuongea kwa nyusi. Unyusi mmoja juu: leta barafu. Nyusi zote mbili: nani kaacha friji wazi? Mkurugenzi wa nne aliingia siku moja akakuta watu watano wamevaa glavu na barakoa, wanakunjiana nyusi kimya kimya, akadhani amefumania mgomo. Aliomba radhi kwa mambo mawili ambayo hakuna aliyekuwa anayajua, akatoka kinyumenyume.

Mgeni rasmi mmoja, mtu mkubwa, alinyoosha mkono ili apige picha akiwa ameshika kijaribio. Mama Mwani alimpa kilichojaa maji ya bomba. Picha hiyo bado imetundikwa mapokezi, na maelezo yake yanasema mgeni anashika mustakabali wa sayansi.

Msaidizi wake, fundi sanifu mwenye umri wa miaka arobaini na moja na ndevu za kufika kifuani, alipewa masharti siku ya kwanza: ndevu au kazi. Alijitetea kwamba ni za ukoo. Wakaafikiana kwenye mfuko wa wavu wa kuzifungia, ulioshonwa na Mama Mwani mwenyewe, wenye kamba za kupitisha begani. Anaitwa Ndevu. Ameuvaa mfuko huo kwa miaka tisa, na mara mbili amesahau kuuvua akaenda nao benki, ambako alihudumiwa haraka kuliko kawaida.

Hadi mwezi Mei, basi, wasifu huu ulikuwa umekamilika na ulikuwa mfupi. Yaliyofuata yamefanya uandikwe upya.

Jumanne ya tarehe 21 Mei, siku thelathini na nane kabla ya kustaafu kwake, kamati ya kuagana iliamua kumfanyia jambo la kumfurahisha bila yeye kujua. Kamati ina wajumbe wanne, akiwamo anayeandika haya, na wote waliunga mkono. Jambo lenyewe lilikuwa picha ya jalada la programu ya sherehe ya kumuaga: chupa zote arobaini na nane za mwani, zimepangwa kwa umbo la moyo. Chumba cha mwani kina mwanga hafifu usiofaa kwa picha. Mama Mwani alikuwa kwenye mafunzo ya lazima ya wastaafu watarajiwa, na Ndevu alikuwa ameitwa stoo kuhesabu viti. Ufunguo wa akiba ulikuwa kwa mlinzi. Saa tano asubuhi chupa zote zilihamishiwa ukumbi wa mikutano, zikapangwa kwenye meza chini ya dirisha kubwa, mahali penye jua zuri.

Mpiga picha aligundua hana betri. Aliporudi nayo ilikuwa saa tisa. Mjumbe mmoja aligusa chupa akatoa mkono kama aliyegusa pasi. Kipimajoto kilipotumbukizwa kilisoma nyuzi hamsini na moja. Moyo wa kijani ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Mama Mwani aliitwa mafunzoni, ambako alikuwa akifundishwa namna ya kuepuka msongo wa mawazo baada ya kustaafu. Aliingia ukumbini, akautazama ule moyo, akainua unyusi mmoja. Hakuna aliyejua anataka barafu au anatukana. Kisha akavua saa yake ya mkononi, akaiweka mfukoni, akaagiza chupa zote zirudishwe na asiguse mtu dirisha.

Kwa siku tatu alikaa kwenye hadubini kuanzia asubuhi mpaka watu wa usafi walipomzimia taa. Ndevu alimbebea matone; yeye alitafuta chembe moja inayoogelea. Moja tu ingetosha, kwa kuwa mwani huu hujigawa wenyewe hauhitaji mwenza. Alipitia chupa arobaini na nane, matone manne kila chupa. Chembe zote zilikuwa zimetulia chini kama mchanga. Maabara rafiki iliyowahi kupewa mgao ilijibu barua kwamba wa kwao ulikufa miaka sita iliyopita umeme ulipokatika, na kwamba walikuwa na aibu ya kusema. Pipa la maji ya mvua liliuzwa zamani pamoja na jengo.

Profesa alifika Ijumaa jioni, akaketi kando yake. Jaribio lake la mwisho, la kuitazama RNA ikikata peke yake, lilihitaji mwani hai, na sasa hakuwa nao. Lakini aliyoyasema hayakuhusu jaribio.

"Mama, umefanya uliyoweza. Nenda nyumbani."

"Niliuchota nikiwa na miaka ishirini na sita," akasema Mama Mwani bila kutoa jicho kwenye lenzi. "Nimeutunza kuliko nilivyowatunza wanangu, na wao wananiambia hivyo kila sikukuu. Siwezi kukabidhi funguo za chumba cha chai ya maziwa."

Nyumbani mume wake alijaribu kumpigia hesabu za kumliwaza: chupa arobaini na nane, matone mia moja tisini na mawili, uwezekano wa kukosa chembe hai iliyopo. Jibu lilitoka dogo sana. Akaifuta karatasi, akamwambia kwamba hesabu hiyo haikuwa sahihi, akaenda kuosha vyombo.

Jumatatu asubuhi Mama Mwani alifungua kabati la faili ili aandike taarifa ya hasara, na kwenye folda ya nidhamu akakutana na barua yake mwenyewe ya miaka kumi na moja iliyopita. Ilikuwa ya onyo, kwa fundi bomba. Fundi alikuja siku hiyo kutengeneza bomba la chumba cha mwani, akaona chupa zilizowekwa pembeni zikisubiri kuchemshwa na kumwagwa, akaondoka na moja kwa kuwa ilimpendeza. Sheria ya kwanza ya chumba hicho, iliyobandikwa mlangoni, ni kwamba hakuna kitu kinachotoka. Barua ilimtaka aumwage mwani huo mara moja, aweke klorini, asuuze mara tatu na athibitishe kwa maandishi, la sivyo atachukuliwa hatua kali. Chini yake kulikuwa na uthibitisho wa Fundi, wenye saini na alama ya gundi ya mabomba: nimemwaga.

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Mama Mwani alisali kwamba mfanyakazi awe amekaidi amri yake. Akamchukua Ndevu, wakashuka karakana.

Fundi bomba alikuwa akichambua koki za zamani kwenye beseni. Ni mtu mnene, mpole, mwenye uoga wa kudumu wa karatasi zenye nembo. Ndevu amesimulia mazungumzo yaliyofuata mara nyingi kantini, na Fundi hayakatai.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Fundi, unaikumbuka ile barua?"

"Barua ipi tena?"

"Ya chupa."

Fundi akaweka spana chini taratibu. "Mama, yale yaliisha. Nilimwaga."

"Yote?"

"Yote. Nikatia klorini. Nikasuuza mara tatu, ya nne nikaongeza mwenyewe."

"Fikiri vizuri, ndugu yangu."

"Nimefikiri miaka kumi na moja. Nilimwaga."

"Fundi, sikuja kukushitaki. Nakuomba uniambie kwamba ulinidanganya."

"Mimi? Nikudanganye wewe? Mtu mzima na mvi zangu?"

"Ndiyo! Danganya! Nitashukuru!"

"Siwezi, Mama. Sikulelewa hivyo."

Ndevu akaingilia. "Kaka, hata kidogo? Hukubakiza hata tone chini ya chupa?"

"We Ndevu nyamaza, na hicho kikapu chako kidevuni. Mnaniona mjinga? Nimebakiza miaka minne nami nistaafu. Mtego huu siingii."

Mama Mwani akamweleza yote: picha, dirisha, nyuzi hamsini na moja. Fundi akasikiliza mdomo wazi. Alipofika kwenye umbo la moyo, Fundi akashika kichwa. Ikaonekana wazi kwamba ana jambo. Akatazama mlango, akatazama dari, akameza mate.

"Tuseme kuna mtu," akasema. "Simjui. Tuseme mtu huyo hakumwaga. Atafanywa nini?"

"Hatafanywa kitu."

"Kwa mdomo au kwa maandishi?"

Mkurugenzi wa sasa, ambaye alikuwa kwenye kikao cha sera ya maegesho, alitolewa nje ili aandike barua ambayo haina mfano katika kumbukumbu zetu. Kichwa chake: Msamaha wa Kosa Ambalo Mhusika Hakubali Kulitenda. Fundi aliisoma mara mbili akifuatisha mistari kwa kidole. Akauliza muhuri uko wapi. Ukaletwa muhuri. Akauliza kama ukurasa wa pili nao haustahili muhuri. Ukagongwa. Akaikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Ndipo alipopanda kwenye kigoda, akasogeza makopo matatu ya rangi juu ya kabati karibu na dirisha dogo la kaskazini, akashusha chombo cha plastiki cha lita mbili, kilichokuwa cha mafuta ya kupikia, kimekatwa shingo na kufunikwa kwa kifuniko cha sufuria.

Ndani mlikuwa na kijani. Si cha moyo wala cha programu. Kijani kizito, cha afya, kilichosimama upande wa mwanga.

Mama Mwani alikaa. Alikaa juu ya ndoo, na ndoo ilikuwa na maji, na hakuinuka.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Uliandika hatua kali, Mama. Mimi sikujua hatua zenyewe ngapi."

"Na kwa nini hukumwaga?"

Fundi akaonyesha saa ya ukutani ya karakana, ambayo ilikufa mwaka ule ule na ombi la betri yake bado halijajibiwa. Akaonyesha ubavu wa chombo, mahali alipobandika vipande viwili vya utepe mweusi. Mwani huu hupanda juu kuufuata mwanga na hushuka jioni. Fundi aligundua kwamba kijani kikifika utepe wa chini ni saa nne, wakati wa chai, na kikifika wa juu ni saa saba, chakula. Kwa miaka kumi na moja karakana nzima imekula na kunywa kwa kufuata mwani. Siku za mawingu walichelewa wote kwa pamoja, hali ambayo idara ya utumishi iliichunguza mara mbili bila kupata sababu. Chakula cha mwani wenyewe kilikuwa maji ya koki inayovuja na, kila mwezi, mbolea ya kwenye ncha ya kisu aliyoiomba kwa mtunza bustani.

Kuwa na kijani si kuwa na mwani wako. Mama Mwani alilijua hilo kabla ya suruali ya Ndevu, aliyebebeshwa chombo mpaka juu kikimrukia matone njia nzima, kukauka. Chini ya hadubini chombo cha karakana kilionekana kama stendi: bakteria wa kila umbo, minyoo miwili isiyoonekana kwa macho, kiluwiluwi cha mbu na, kwa sababu ambayo Fundi hana maelezo nayo, skrubu. Katikati ya umati huo, chembe zenye mikia miwili zikipita kwa haraka zao. Alizitambua papo hapo. Anasema zinageukia kushoto, kama yeye anavyopindisha kichwa akifikiri. Profesa anasema hakuna ushahidi wa jambo hilo.

Kwa siku tisa Mama Mwani na Ndevu walizinasa moja moja kwa mrija wa kioo uliovutwa kwenye moto mpaka ukawa mwembamba kuliko unywele, wakizisuuza na kuzihamisha, mpaka wakabaki na chupa sita zisizo na mgeni yeyote. Alhamisi ya tarehe 6 Juni ikawa siku ya kuhamisha. Alihamisha, kutoka zile sita hadi arobaini na nane. Daftari likaandikwa 593, na pembeni, kwa kalamu nyekundu: kutoka karakana.

Likabaki swali la Profesa. Miaka kumi na moja ya mbolea ya bustani ni muda mrefu kwa kiumbe anayejigawa kila siku moja au mbili. Je, mkasi wa zamani bado ulikuwamo ndani ya plastidi, au nao ulikuwa umetupwa huko juu ya kabati? Profesa aliisoma jeni yake herufi kwa herufi na kuilinganisha na kumbukumbu za mwani wa chumbani. Herufi mbili zilikuwa zimebadilika. RNA hii hujikunja, na sehemu zake hushikana kama vidato vya ngazi, herufi ya upande huu na ya upande ule. Herufi mbili zilizobadilika zilikuwa za kidato kimoja. Ya kushoto iligeuka, na ya kulia ikageuka kuifuata, ngazi ikabaki imesimama. Profesa alicheka peke yake mpaka mlinzi akaja kugonga.

Jumanne ya tarehe 25 waliijaribu: RNA hiyo peke yake kwenye kijaribio, na chumvi za magnesi zinazohitajika, bila protini hata moja. Watu saba walisimama kimya kuzunguka meza, Fundi bomba akiwa wa saba, na barakoa mbili kwa usalama. Picha ya matokeo ilipotoka ilionyesha mistari miwili mahali palipokuwa na mmoja. Imekata. Polepole, lakini imekata, na kwa vipimo vya siku hiyo ilikata kwa kasi iliyozidi kidogo ile ya mwani wa chumbani. Profesa anasisitiza kwamba hilo ni jaribio moja na lisitangazwe. Tunaliandika hapa kama jaribio moja.

Nyusi zote kumi na nne chumbani zilikuwa juu. Hakuna aliyefuata barafu.

Mara tu walipotoka koridoni na kuruhusiwa kusema, Fundi alieleza kwamba kasi imetokana na malezi. Mtunza bustani, aliyekuwa akipita na toroli, alisimama kusema kwamba kasi imetokana na mbolea, na mbolea ilikuwa yake. Walifokeana kidogo kuhusu nani baba na nani mjomba. Katika makala ya kisayansi inayoandikwa sasa, wote wawili watashukuriwa kwenye mstari mmoja, kwa alfabeti ya kazi zao, kwa kuwa hakuna njia nyingine waliyokubaliana.

Kazi ya mwisho ya kiofisi ya Mama Mwani ilikuwa kurekebisha sheria ya kwanza aliyoiandika mwenyewe. Pale mlangoni, chini ya maneno kwamba hakuna kitu kinachotoka kwenye chumba hiki, sasa kuna maneno mengine kwa mwandiko wake: isipokuwa chupa mbili, moja kwa Fundi bomba na moja kwa mtunza bustani, zisikae dirisha moja. Fundi amepewa barua. Inamwamuru autunze mwani juu ya kabati kama alivyokuwa akifanya, na inamwonya kwamba akithubutu kuumwaga atachukuliwa hatua kali. Ameomba nakala mbili.

Betri ya saa ya karakana imefika pia. Haijawekwa.

Alhamisi ya tarehe 27, zamu ya 594, Mama Mwani hakushika mrija. Alisimama nyuma ya Ndevu, mikono mgongoni, na Ndevu akahamisha chupa zote arobaini na nane, mfuko wake umefungwa vizuri, jasho likimtoka upande salama. Kwenye chupa ya kumi na tisa aliangusha tone mezani, akachota jingine. Mama Mwani aliuma mdomo, akatazama dari, akamwacha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka thelathini na minne kuona mtu mwingine akikosea kidogo kisha akaendelea.

Makala haya yanakwenda mtamboni Ijumaa asubuhi, kwa hiyo tunaweza kuripoti jambo moja la mwisho. Saa mbili kasoro robo Mama Mwani alifungua chumba, akapita kwenye rafu kuanzia chupa ya kwanza mpaka ya arobaini na nane, akiinama kwenye kila moja. Zote zilikuwa hai. Aliandika hivyo kwenye fomu ya makabidhiano, kwenye safu ya hali ya mali, neno moja mara arobaini na nane, kwa sababu fomu hairuhusu kuweka alama ya kurudia. Ndevu akatia saini. Kisha akamuuliza Mama yake wa kazi kama atapita baada ya wiki tatu, siku ya kuhamisha, kuangalia tu.

"Sitapita," akasema. "Ukinihitaji, utakuwa umekosea. Na hutakosea."

Mama Mwani, wafanyakazi wote wa taasisi wanakushukuru, na kamati ya kuagana inakushukuru kwa namna ya pekee, ikiwa imesimama mbali na dirisha. Kuanzia wiki ijayo Alhamisi zako zote ni zako mwenyewe. Tunakutakia nyingi, ndefu, zisizo na ratiba, na mwalimu wa hesabu pembeni akuhesabie.